Forosadi Nyuma ya Jiko

Tulipokuwa tukimwosha shangazi Nkwimba, binti aliyekuwa akitumwagia maji aliuliza mkono wa kulia wa marehemu uko wapi. Aliuliza kwa heshima, sauti chini, macho yake kwenye kile kigutu kilicholala juu ya mkeka. Alikuwa mzaliwa wa juzi tu, hakuwa na habari. Wanawake wenzangu wakainamisha vichwa, kila mmoja akaanza kutafuta sabuni ambayo ilikuwa mbele yake. Mimi nikamjibu kwamba mkono ulitangulia, ulizikwa nyuma ya jiko tangu shangazi akiwa na nguvu zake, na kaburi lilikuwa likichimbwa huko huko ili mwenyewe akalale karibu nao. Binti akamwaga maji mengine bila kuuliza tena. Lakini swali lake lilinifuata siku nzima, wakati wa ibada, wakati wa kutupa udongo, hata nilipopewa sahani ya wali wa msiba nikashindwa kula. Ndiyo sababu ninaandika. Watu waliokuwapo mwaka ule wanakwisha mmoja mmoja, na waliobaki wanatafuta sabuni.

Kwa nini nilikuwa nikiishi kwake, hilo sitalieleza. Mambo ya ukoo wetu ni marefu na mengi hayana adabu. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana mkubwa niliyemaliza darasa la saba, mwenye mikono ya kazi na mdomo usiokaa kimya, na shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto aliye hai, katika kijiji kimoja nje kidogo ya Dutwa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Chama cha msingi kilichokuwa kikinunua pamba yetu kilikuwa kinakata roho. Ghala lake lilikuwa limefungwa kufuli na popo wamehamia ndani. Badala yake walikuja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja na mizani yake, na maduka ya Dutwa yakajaa mitumba, sabuni za kunukia na baiskeli mpya. Watu walisema sasa kila kitu ruksa. Sikukutana na mtu aliyejua mpaka wa hiyo ruksa uko wapi, na nadhani ndiyo maana watu walikatana sana. Wezi wa ng'ombe walikatana na wenye ng'ombe, walevi walikatana vilabuni, na vikongwe walikatwa majumbani mwao. Tulikuwa tukisikia habari hizo kisimani asubuhi, tukijaza ndoo, halafu tunakwenda nyumbani kupika.

Jiko la shangazi lilikuwa kibanda cha msonge chenye mlango mfupi, ukiingia lazima uiname. Humo ndimo tulimoishi hasa. Nyumba kubwa ya bati ilikuwa ya kulala na kuwekea pamba. Kuni kwetu ni shida, nchi imelimwa mpaka mlangoni, kwa hiyo tulipikia mabua ya pamba na samadi kavu. Moshi wake unauma. Shangazi alikuwa ameketi kwenye moshi huo tangu ujana wake, na macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Kwingine wangesema mama huyu anaumwa macho, apelekwe hospitali. Kwetu, mjane mwenye macho mekundu anasalimiwa haraka haraka na watu wanaendelea na safari. Yeye alijua hivyo. Alikuwa na desturi ya kusalimia mtu akiwa bado mbali, kwa sauti kubwa ya furaha, ili asipewe nafasi ya kukwepa. Mimi nilimwonea uchungu kwa desturi hiyo, na uchungu huo sijaumaliza.

Mwisho wa kiangazi tulikwenda Maswa kwa basi kununua vitenge. Huko shangazi alikuwa na rafiki, mke wa dereva wa lori la kiwanda cha kuchambua pamba, na mumewe aliwahi kuendesha mpaka Morogoro. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na vichaka ambavyo sikuwahi kuviona, majani mapana yenye meno meno pembeni, na kati ya majani matunda madogo meusi yaliyojikusanya chembe chembe. Mwenyeji alisema ni forosadi. Shangazi alikula moja akafumba macho. Akala nyingine, akacheka peke yake, na mimi sikuwa nimezoea kumwona akicheka bila kuchekeshwa. Vidole vyake vilibaki vya zambarau iliyokolea, ukivitazama juani vilikuwa vyekundu kabisa. Alivinusa ndani ya basi njia nzima, na kwenye mapaja yake alikuwa amepakata makopo ya rangi yenye miche ya forosadi aliyopewa na rafiki yake.

Makopo hayo yalikaa nje ya jiko kwa muda yakijadiliwa. Shemeji yake, Luhende, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa mwanamume wa mji ule kwa maana ya kuulizwa mambo. Alikuwa mtu mpole, mkulima, mwenye kikohozi. Jioni moja alikuja tukala naye matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kwa maziwa mgando, na alipomaliza akayageukia yale makopo kama mtu anayekutana na mgeni asiyetaka kusalimia. Aliuliza mti unaitwaje. Shangazi akasema mforosadi. Luhende akasema hilo ni la Kiswahili, je, kwetu unaitwaje? Shangazi akasema kwetu haupo. Luhende akaanza kukwangua bakuli ambalo lilikuwa tupu. Ua wetu ulikuwa wa minyaa, na ndani ya ua kila kilichoota kilikuwa na jina na kazi inayojulikana na jirani yeyote anayechungulia: hiki cha tumbo la mtoto, hiki cha mboga, hiki cha kivuli cha ndama. Kisichojulikana kinachukuliwa kuwa dawa, na dawa ambayo haikupandwa na mganga ina mwenyewe na ina mtu aliyepandiwa.

"Shemeji," Luhende alisema, "mti usio na jina usiuingize ndani ya ua. Watu watautafutia jina wenyewe."

Shangazi hakukasirika. Aliniambia nimwongezee shemeji maziwa. Kisha akasema amelima pamba tangu akiwa na meno ya utoto, na maisha yake yote kila alichokivuna kimepanda mizani na mwanamume mwingine akasoma. Sasa anataka kitu kimoja kisichopanda mizani. Luhende akasema apande mapapai. Shangazi akasema mapapai anayajua. Walibishana hivyo kwa adabu mpaka maziwa yakaisha, na mimi, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilikuwa nimeonja forosadi, nilimwona Luhende mwoga. Leo namwona tofauti. Lakini hata leo siwezi kusema shangazi alikosea, na anayetaka kusema hivyo asiseme mbele yangu.

Tulipanda mvua zilipokolea, nyuma ya jiko, pale tulipokuwa tukimwaga maji ya vyombo. Miche ilishika upesi. Jirani yetu wa upande wa mashariki, Maduhu, aliyekuwa na mke na watoto na zizi kubwa la ng'ombe, alichungulia juu ya minyaa akauliza ni nini. Shangazi akamwambia ni matunda. Maduhu akatikisa kichwa polepole, kwa namna ya mtu aliyepewa jibu la mtoto. Nilimwona akimweleza mkewe baadaye, wote wawili wakitazama upande wetu.

Katikati ya mvua hizo sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walimkamata mwizi wa ng'ombe. Kijiji kizima kiliitwa kwa filimbi kwenye uwanja wa ghala la chama, na asiyekwenda alihesabiwa kuwa upande wa mwizi, kwa hiyo tulikwenda. Wanaume walikuwa na pinde na fimbo, mtemi wao, yaani mkuu wa kikosi, alikuwa na kofia ya manyoya. Mwizi alikuwa kijana wa rika langu. Walimchapa mpaka shati likaingia ndani ya mgongo, na alipoacha kulia wakammwagia maji ili aanze tena. Mama mmoja karibu yangu alikuwa akimenya muwa. Mwizi alipomaliza kuchapwa alitembea mwenyewe, hilo nililiona kwa macho yangu, lakini hakufika mbali. Tukirudi nyumbani nilisikia wanaume nyuma yetu wakizungumza juu ya kikongwe wa kijiji cha pili aliyekutwa amekatwa shambani kwake mchana. Mmoja aliuliza alikuwa na kosa gani. Mwingine akasema, "Macho." Shangazi alikuwa mbele yangu na alisikia, na hakugeuka. Aliinua tu sauti kumsalimia mtu aliyekuwa akija kwa mbali.

Forosadi zilianza kuiva wakati wa kuvuna pamba. Sijui niwaelezeje utamu wake, baada ya siku nzima ya kuchuma pamba, vidole vimechanika na koo limejaa vumbi. Shangazi aliweka bakuli la bati mlangoni na aliyepita aliambiwa achukue. Wakubwa walishukuru wasichukue. Watoto walichukua. Binti mdogo wa Maduhu, aliyeitwa Sayi, alipenya kila siku kwenye mwanya wa minyaa na kurudi kwao na mdomo mweusi, na shangazi alikuwa akimfuta kwa ncha ya kitenge kabla hajavuka. Yeye hakuwahi kupata mtoto aliyekaa. Nilikuwa nikimtazama akimfuta yule mtoto na nilijua kwamba matunda hayo sasa hakuyalimia mdomo wake.

Ndege nao walikuja, shore na wengine weusi wanaong'aa, wakala na kwenda kutua kwenye minyaa na mapaa ya majirani. Kinyesi chao kilikuwa chekundu. Sisi tulikuwa tukikifuta kwenye ndoo bila kufikiri.

Kiangazi kilipokuwa kikali Sayi alishikwa na homa. Waliwahi kumpeleka kwa mganga, wakachelewa kumpeleka zahanati, akafa mikononi mwa mama yake njiani. Shangazi alikwenda msibani na unga na kuku, akakaa na wanawake, na nilimwona mke wa Maduhu akijivuta kando kidogo mkeka wao usigusane. Siku chache baadaye Maduhu alitandaza pamba yake juu ya chanja ili waichambue, safi upande huu, fifi, ile chafu ya daraja la pili, upande ule. Miaka ya chama kila mtu alichambua hivyo. Wanunuzi wapya walizoa vyote pamoja bila kuangalia, lakini Maduhu alikuwa mtu wa desturi, na alikuwa ameshikilia pamba yake akingoja lori lenye bei nzuri zaidi. Asubuhi aliamka akaikuta pamba safi, nyeupe, ina matone mekundu kutoka mwanzo wa chanja mpaka mwisho. Tulimsikia akimwita mkewe. Hakupiga kelele. Alimwita kwa sauti ndogo sana, na ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Alifunga kuku wake kwenye baiskeli akaenda kwa mganga anayesoma kuku. Kwetu mganga wa namna hiyo humpasua kuku wa mwenye shida na kusoma ndani yake nani anamwinda. Kuku wa Maduhu, hivyo tulivyokuja kuambiwa, alisema adui yuko upande jua linakotua, hazai, na mikono yake ina damu ya mtoto. Nimefikiria sana maneno hayo. Mganga yeyote mwenye masikio angeweza kuyapata kwa kumwacha Maduhu aongee kwanza.

Alikuja asubuhi jua likiwa limepanda, wakati wa kazi. Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko nikitwanga karanga. Shangazi alikuwa kwenye vichaka, bakuli mkono wa kushoto, anachuma kwa wa kulia. Maduhu alipita penye mwanya ule ule wa Sayi, na panga la kukatia miiba lilikuwa mkononi, lakini mwanamume mwenye panga kwetu ni jambo la kila siku. Alisimama mbele ya shangazi, akautazama mkono wake wa kulia. Macho yake yalikuwa yamevimba. Shangazi alidhani mtu mwenye msiba ametamani forosadi. Akachagua zilizoiva sana, akamnyooshea mkono.

Alikata mara moja. Nilisikia sauti ambayo naijua kutokana na kukata mifupa ya ng'ombe, na baada ya hapo nikaona shangazi bado amenyoosha mkono, na mkono haupo. Yeye mwenyewe alionekana kushangaa tu. Maduhu aliinua panga tena, na safari hii alikuwa analenga shingo. Nilikuwa nimeshafika. Nilimpiga mchi wa kinu kwenye taya kwa nguvu zangu zote, nikasikia taya likienda, meno yakaruka kwenye majani. Alipoanguka nikampiga tena begani, na ningeendelea kama shangazi hangeketi chini ghafla nikalazimika kumshika. Watu wameniuliza kama najuta kwa lile pigo. Najuta kwamba mchi ulikuwa mfupi. Nilirarua kitenge nikafunga mkono juu ya kiwiko, nikachota pamba fifi kutoka kwenye gunia letu nikaikandamiza kwenye jeraha, ikalowa, nikachota nyingine, huku napiga yowe mpaka sauti ikapotea.

Yowe letu waliitikia. Filimbi zililia, sungusungu wakaja mbio na pinde zao, na mimi, mjinga wa mwisho, nikashukuru Mungu. Walimkuta mtu mwenye panga amelala na mwanamke anavuja damu. Walitazama damu. Walitazama mkono ulioanguka, rangi yake ya zambarau, na vidole ambavyo bado vilikuwa vimefumba forosadi. Walitazama vichaka. Mtemi akatoa amri, na wale wanaume wote waliokuja kutuokoa wakaanza kukata miti. Waliikata mpaka visiki, wakayakanyaga matunda, viatu vyao vya matairi vikawa vyekundu. Ni Luhende peke yake aliyekuja na mkokoteni wa ng'ombe. Alitupeleka Dutwa, na huko dereva mmoja wa lori la pamba akatupakia juu ya magunia mpaka hospitali ya Bariadi. Luhende alirudi nyumbani, akaufunga mkono wa shemeji yake kwa kitambaa cheupe, akauzika karibu na visiki. Aliusomea na sala. Alikuwa na kila sababu ya kusema "niliwaambia", na mpaka anakufa hakusema.

Shangazi alikaa wodini mpaka jeraha likafunga. Alijifunza kufunga kitenge kwa mkono mmoja na meno. Hakuna mtu kijijini aliyekubali kutoa ushahidi, kwa hiyo Maduhu alibaki nyumbani kwake na taya lake likaunga upande. Sisi tuliporudi tulikuta tumetengwa. Asiyejua kutengwa kwa sungusungu huenda akadhani ni kununiwa tu. Hupewi moto, hupewi maji, mashine ya kusaga haikusagii, na anayekusalimia anatozwa faini. Nilikwenda kuchota maji kwenye lambo la mbali ambalo ng'ombe walinywea. Nilikuwa nikifunika vizuri makaa kwa jivu kila siku, kwa hofu, kwani moto ungezimika tungekula unga mbichi. Shangazi aliendelea kusalimia watu kwa mbali. Walikuwa wakitazama ardhi na kupita, na yeye aliendelea.

Mvua ziliwahi mwaka ule. Siku moja nikitoka lamboni nilipita nyuma ya zizi la Maduhu nikaona kitu, nikatua ndoo chini. Fito za ua wa zizi zilikuwa zimetoa majani. Majani mapana, yenye meno meno. Mabua na miti kwetu havitupwi. Maduhu alikuwa amezoa ile miforosadi iliyokatwa akaikita kuzibia zizi lake, kwa kuwa mganga alimwambia dawa ikishakatwa pamoja na mkono wa mwenyewe inabaki kuwa kuni tu. Alikuwa ameikita kwenye samadi iliyolowa. Mforosadi hauhitaji zaidi ya hapo. Nilikaa chini na kucheka mpaka nikatapika.

Sikumwambia mtu, na hakukuwa na haja. Kufikia mwisho wa juma kijiji kizima kilikuwa kimepita nyuma ya zizi lile. Mti wa kichawi, uliokatwa na sungusungu wenyewe, umeota kwa Maduhu, na umemzunguka na ng'ombe wake. Watu walianza kukumbuka mambo. Kumbe ndiyo maana ng'ombe wake hawafi. Kumbe mtoto wake mwenyewe alimtoa kafara. Kumbe alimkata Nkwimba mkono ili kuficha. Maduhu alijaribu kuzing'oa fito, na kule kuzing'oa kukawa ushahidi mwingine. Filimbi zililia alasiri. Safari hii tuliitwa hata sisi watengwa.

Walikuwa wamemfunga kamba mbele ya ghala la chama, amepiga magoti, taya lake limekaa upande, udenda unamtoka. Mkewe alikuwa nyuma ameshikwa na wanawake. Rundo la kuni lilikuwa tayari, na kila mtu alijua si la kupikia. Mtemi alimwita shangazi mbele. Aliinua ufito mmoja wenye majani na kusema mti huu umeonekana sehemu mbili, na mti una mwenyewe mmoja.

"Mayu Nkwimba," alisema, akimwita mama kwa heshima, "sema mbele ya watu. Mti huu ni wa nani?"

Nawaomba mlielewe swali lile kama sisi tulivyolielewa. Akisema haujui, Maduhu anachomwa, na sisi tunarudishiwa moto na maji na salamu, na kijiji kinatubembeleza. Akisema ni wake, anajirudishia uchawi ambao kijiji chote kilikuwa tayari kumvua, na rundo la kuni liko pale pale. Nilimshika kitenge kwa nyuma. Nilimnong'oneza kwamba aseme haujui. Niliomba afe yule mtu, niliomba kwa jina la Mungu, na Sayi mwenyewe nilimsahau.

Shangazi alikivuta kitenge kutoka mkononi mwangu. Alisogea, akauchukua ule ufito kwa mkono wa kushoto, akaukagua majani yake kana kwamba anataka kujua unaendeleaje.

"Mti ni wangu," alisema. "Ni wa matunda, na mmekula wenyewe watoto wenu wakiwaletea. Huyu ameniibia fito."

Kisha nikasikia mtu nyuma akiguna, halafu mwingine, na lile neno likaanza kuwaingia. Wizi ulikuwa na adhabu yake, na adhabu hiyo haikuwa moto. Tena Maduhu mwenyewe, alipoulizwa fito kazitoa wapi, alikiri kwa taya lake bovu kwamba alizichukua uani kwetu bila kuomba. Wanaume wengine walitaka kuendelea na kuni. Luhende alikohoa, akasema kama mti ni mchawi basi na viatu vya sungusungu vilivyokanyaga matunda yake vichomwe. Hapo baadhi wakacheka, na watu wakishacheka ni vigumu kuwarudisha kuua. Walimchapa Maduhu viboko vya mwizi. Walimchapa vibaya, ngozi ilifunguka, na mkewe alilia mpaka akazimia. Nilitazama mpaka mwisho. Shangazi alikuwa ametazama pembeni, ameshika ufito wake.

Nilimkasirikia kwa muda mrefu. Nilimwambia njiani kwamba amenisaliti, kwamba nilibeba damu yake mikononi kutoka Dutwa mpaka Bariadi ili amwokoe aliyeimwaga. Alikuwa akitembea haraka ili akaupande ufito kabla haujakauka. Siku iliyofuata, wakati wa kuandaa uji, mke wa Maduhu aliingia uani kwa kupitia mlango wa mbele, si mwanya. Alikuwa na kigae chenye makaa ya moto. Alikiweka chini mlangoni pa jiko, akashukuru, "Wabeja, mayu," akaondoka. Moto wetu ulikuwa unawaka vizuri. Shangazi aliuchukua ule wa jirani akauchanganya na wetu, tukapikia wote.

Maduhu alikuja msibani. Ni mzee sasa, anatafuna upande mmoja. Alingoja mpaka watu walipopungua, akanisogelea na fimbo yake. "Mwadila, Minza," alisema. Nikamwitikia, kwa kuwa salamu ni salamu. Akaniambia, "Wengine wote walinitakia moto, yule alinitakia fimbo." Alikuwa akilia. Nilitafuta ndani yangu neno zuri la kumpa na sikulipata, basi nikampa kiti. Halafu nikaenda nyuma ya jiko, kwenye kaburi bichi, ambako visiki vya zamani vimekuwa vichaka vikubwa kuliko paa. Nikakata vipandikizi, nikavifunga kwenye gunia lililolowa, nikapanda gari kurudi kwangu Bariadi.

Mkamwana wangu aliviona akauliza ni nini. Nilipomweleza akasema kwa upole, mama, kwa nini tusipande maparachichi? Anaogopa kwa ajili yangu, na hakosei. Mimi sasa ni mjane. Moshi wa miaka ile umeniachia macho yale yale, miwani inayaficha kidogo tu. Jirani wa upande wa pili amepoteza mimba mwezi uliopita, na mama yake, aliyekuja kutoka kijijini kumuuguza, akinisalimia anaharakisha. Taa za umeme zipo, lami ipo, lakini lile swali la Luhende halijahama mjini hapa. Mkamwana akasema basi angalau nipande nyuma, penye ukuta, pasipoonekana.

Nililala nalo hilo. Asubuhi nilichukua jembe nikachimba mbele, kando ya lango, upande wa barabara. Nilikuwa bado nimeinama nashindilia udongo pale yule mama wa jirani alipopita na ndoo, akapunguza mwendo, akauliza huo ni mti gani na ni wa nani. Nikavua miwani, nikainuka, nikamtazama.

"Ni forosadi," nikamwambia. "Mti ni wangu."